Fuvu Halitaji Jina: Vichwa Vilivyochukuliwa Afrika Mashariki



Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, una mambo ambayo mwanafunzi yeyote wa historia hapa Uingereza ameyasoma: mipaka mipya ya Ulaya, fidia, kupunguzwa kwa jeshi la Ujerumani. Lakini ukifika kifungu cha 246 unakutana na jambo jingine kabisa. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani.

Fuvu la mtu mmoja wa Iringa limeandikwa katika mkataba uliopanga upya ramani ya dunia. Kwa nini lilikuwa Ujerumani? Kwa nini lilipatikana, au lilisemekana kupatikana, baada ya miaka 35? Na kwa nini hadi leo kuna familia Kilimanjaro, Songea na Nandi ambazo bado zinatafuta kichwa cha babu yao? Tumejaribu kuyajibu maswali haya. Katika kuyajibu tumeona kwamba elimu ile iliyosema inaweza kumjua mtu kwa kupima fuvu lake ndiyo iliyomfanya asijulikane tena.

Mifupa 22

Tuanze na mifupa yenyewe. Kila anayejifunza Kiswahili hufundishwa mapema majina ya sehemu za kichwa: paji la uso, kisogo, utosi, shavu, taya, kidevu. Tukigusa kichwa tunadhani ni mfupa mmoja mgumu, kama kifuu cha nazi. Kumbe fuvu la mtu mzima huhesabiwa kuwa na mifupa 22, bila kuhesabu vile vifupa vidogo vya ndani ya masikio.

Mifupa 8 huzunguka ubongo: mmoja wa paji la uso, miwili ya juu inayokutana katikati ya kichwa, miwili ya pembeni penye masikio, mmoja wa kisogo, na miwili iliyojificha ndani, mmoja nyuma ya macho wenye umbo linalofanana na kipepeo na mwingine nyuma ya pua. Mifupa 14 iliyobaki ni ya uso. Kuna miwili ya taya la juu, miwili ya mashavu, miwili ya pua, miwili midogo karibu na mahali pa machozi, miwili ya kaakaa, miwili iliyojikunja ndani ya pua, mmoja unaozigawa tundu za pua, na taya la chini. Kati ya yote 22, ni taya la chini pekee linalotembea. Ndilo linalotuwezesha kula na kusema.

Mifupa mingine imeungana kwa mistari iliyopinda-pinda kama mshono wa nguo. Mtoto mchanga hazaliwi na mshono uliofunga. Ndiyo maana mama zetu hutuonya tusimshike mtoto utosini, mahali palipo laini na panapodunda, kwa sababu hapo mifupa bado haijakutana. Kwa kawaida utosi hufunga kabla mtoto hajatimiza miaka miwili.

Mtaalamu anaweza kusoma mambo kadhaa kwenye fuvu. Meno na mishono humpa makadirio ya umri. Ukubwa wa taya na umbo la mfupa wa juu ya macho humsaidia kukisia kama ni mwanamume au mwanamke. Jeraha lililopona huonekana tofauti na jeraha lililomuua mtu. Lakini hakuna mfupa hata mmoja kati ya hiyo 22 unaotaja jina la mtu, ukoo wake au lugha aliyoisema.

Kipimo kilichotaka kujua yote

Katika karne ya 19, wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliamini vingine. Katika miaka ya 1840 Anders Retzius, mtaalamu wa anatomia wa Uswidi, alianzisha kipimo rahisi sana. Unachukua upana wa kichwa, unaugawa kwa urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogo, kisha unazidisha kwa 100. Tuchukue mfano: fuvu lenye urefu wa milimita 190 na upana wa milimita 135 linapata 71. Chini ya 75 liliitwa fuvu refu, na kuanzia 80 kwenda juu liliitwa fuvu fupi.

Hesabu hiyo mtoto wa shule anaiweza. Hatari yake haikuwa kwenye hesabu, ilikuwa kwenye yale iliyotwishwa. Watu waligawanywa katika makundi kwa kipimo hicho, na baadhi ya wasomi wakayapanga makundi hayo kama ngazi, wao wenyewe wakiwa juu. Huko Philadelphia, Samuel Morton alijaza mafuvu kwa mbegu, na baadaye kwa risasi ndogo ndogo za madini, ili kujua yana nafasi kiasi gani. Kitabu chake kuhusu mafuvu ya wenyeji wa Amerika kilitoka mwaka 1839, na watetezi wa utumwa waliyatumia matokeo ya kazi zake kama ushahidi wao.

Kipimo hiki kilikuja kuvunjwa na wapimaji wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Franz Boas aliongoza upimaji wa karibu wahamiaji na watoto wa wahamiaji 18,000 huko New York. Aliona kwamba watoto waliozaliwa Marekani walikuwa na umbo la kichwa lililotofautiana na la ndugu na wazazi wao waliozaliwa Ulaya. Kama kichwa kinaweza kubadilika baina ya mzazi na mwanawe, hakiwezi kuwa muhuri wa taifa.

Lakini kufikia wakati huo makabati ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kujaa.

Jinsi makabati yalivyojaa

Felix von Luschan alifanya kazi katika makumbusho ya Berlin tangu miaka ya 1880, na baadaye akaongoza idara ya Afrika na Oseania. Aliwaandikia maafisa, madaktari na wasafiri wa makoloni mwongozo wa kukusanya vitu, na mafuvu yakawa miongoni mwa vitu hivyo. Yalitoka makaburini, mapangoni, hospitalini, kwenye medani za vita na mahali pa kunyongea watu. Fuvu lilipofika Berlin lilipewa namba, na mara nyingi liliandikwa wino juu ya mfupa wenyewe. Mahali lilikotoka paliandikwa kwa kifupi. Jina la marehemu kwa kawaida halikuandikwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba von Luschan mwenyewe alisimama katika mkutano wa kimataifa kuhusu mbari uliofanyika London mwaka 1911 na kusema kwamba binadamu ni wa aina moja. Hata hivyo maelfu ya mafuvu yalibaki kwenye rafu zake.

Sehemu kubwa ya mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyoko Berlin ilitoka Rwanda. Jan Czekanowski, msomi wa Kipolandi aliyesafiri na msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg mwaka 1907 na 1908, alirudi na mamia ya mafuvu. Kwa wasomaji wetu wenye asili ya Rwanda na Burundi hili si jambo dogo. Desturi ya kupima vichwa na pua iliendelea huko baada ya Wajerumani kuondoka, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya watu. Mwaka 1994 neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kumfanya mtu auawe kizuizini barabarani.

Kichwa cha Mkwawa

Sasa turudi Iringa. Mkwawa alikuwa mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wake walikishambulia ghafla kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani hawakusahau. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa aliponyoka, na kwa karibu miaka minne akapigana vita vya msituni huku watu wake wakimficha na kumlisha. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake.

Hawakumkamata akiwa hai. Tarehe 19 Julai 1898, doria ilipomkaribia, Mkwawa alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa kambini Iringa, kwa Kapteni Tom von Prince. Mwili ulizikwa bila kichwa.

Miaka ishirini baadaye Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita. Horace Byatt, aliyekuwa mkuu wa utawala mpya wa Kiingereza, alipendekeza fuvu lirudishwe kwa Wahehe, ambao walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani. Ndivyo lilivyoingia kwenye kifungu cha 246. Ujerumani ilijibu kwamba haijui liko wapi, na suala likalala kwa zaidi ya miaka thelathini.

Aliyeliamsha ni Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika. Mwaka 1953 alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Atamjuaje Mkwawa kati ya 84? Twining alitumia kipimo kilekile cha upana kwa urefu. Vichwa vya jamaa za Mkwawa vilikuwa vimepimwa, kisha yakatafutwa mafuvu yenye vipimo vya kukaribiana navyo. Mojawapo lilikuwa na tundu la risasi. Likachaguliwa hilo.

Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na wageni wanaokwenda Iringa huliona.

Je, ni lenyewe? Wanahistoria wengi wana shaka, nasi tunaona shaka yao ina msingi. Watu wengi wasio na undugu wowote wana kipimo cha kichwa kinachofanana. Tundu la risasi nalo halitoshi, maana mafuvu mengi ya wakati ule yalitoka vitani. Wakati wenyewe pia unafikirisha. Kenya ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, na TANU iliundwa Julai 1954, wiki chache tu baada ya sherehe ya Kalenga. Gavana alikuwa na sababu za kutaka Wahehe wawe upande wa serikali.

Lakini tusiwacheke Wahehe walioupokea mfupa ule kwa heshima. Walikuwa wamenyimwa mazishi kamili kwa miaka 56. Huenda fuvu lile si la Mkwawa, lakini bila shaka ni la mtu, pengine naye aliuawa katika vita vilevile na hana mtu mwingine wa kumlilia. Kalenga anapata heshima ambayo Bremen hakuwa nayo.

Damu nzito kuliko maji

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Wachagga pamoja na viongozi wenzake, jumla yao 19. Familia yake inaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alianza kukiulizia tangu miaka ya 1960, na akatoa sampuli yake ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu ya Berlin.

Mkusanyiko wa von Luschan ulikuwa umehamia mwaka 2011 mikononi mwa Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Watafiti wake walichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Waligundua kwamba 904 yalitoka maeneo ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Safari hii hawakuanza na koleo la kupimia. Walianza na karatasi: barua, orodha za meli, madaftari ya makumbusho, maandishi yaliyofifia juu ya mifupa. Mafuvu 8 yalionekana kuwa na maelezo ya kutosha kuweza kulinganishwa na familia zilizo hai.

Septemba 2023 majibu yalitangazwa. Mafuvu 3 yalikuwa na jamaa. Moja lililingana kabisa na kizazi cha Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mawili yalikaribia kabisa kulingana na ukoo wa Molelia wa Kilimanjaro. Mangi Meli mwenyewe hakuonekana.

Tunaweza kuyaangalia matokeo haya kwa namna mbili. Watatu kati ya zaidi ya elfu moja ni wachache mno. Lakini tangu mafuvu yale yafike Berlin hakuna kipimo cha upana wala urefu kilichompatia hata mmoja wao ndugu zake. Kilichowapatia ni vitu viwili vilivyokutana: mtu aliyeandika jina kwenye karatasi, na familia iliyokataa kusahau. Vinasaba vilikuja kuthibitisha tu. Kama ukoo wa Molelia usingekuwa na habari ya babu zao, kusingekuwa na mate ya kulinganisha na mfupa.

Songea nao wanasubiri. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na familia yake inaamini kichwa chake kilichukuliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na familia hiyo, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani na akaahidi kusaidia utafutaji. Msamaha umepokelewa. Kichwa hakijapatikana.

Na hapa Uingereza?

Ni rahisi kwetu tunaosoma hapa kuwanyooshea kidole Wajerumani. Serikali ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1919, kwa maandishi. Lakini miaka 14 kabla ya kifungu cha 246, tarehe 19 Oktoba 1905, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la kuzungumza amani. Wanandi wanasema kichwa chake kilikatwa na kuletwa Uingereza. Mwaka 2006 fimbo zake za uongozi zilirudishwa Kenya na familia ya Meinertzhagen. Kichwa kimeulizwa mara nyingi na hakijarudi.

Hakuna mkataba wa kimataifa wenye kifungu kinachomtaja Koitalel. Mshindi wa vita aliandika kuhusu fuvu lililochukuliwa na aliyeshindwa, naye hakuna aliyemwandikia lake. Hili ndilo somo tunalotaka wenzetu waondoke nalo: swali la fuvu halikuanza kuwa la sayansi, na halitamalizwa na sayansi peke yake. Ni swali la nani anaandikwa jina na nani anaandikwa namba.

Baadhi yetu katika chama hiki tuna asili ya Kilimanjaro, wengine Ruvuma, Bonde la Ufa, Kigali na Bujumbura. Tunazungumza Kiswahili, tunasoma Kiingereza, na wachache wetu tumeanza Kijerumani. Kazi ya kuoanisha daftari la Berlin au faili la London na simulizi la bibi aliye Old Moshi inahitaji watu wa namna hiyo hasa. Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Mtakapopiga simu nyumbani likizo hii, waulizeni wazee majina: baba wa babu aliitwa nani, alizikwa wapi, na kama kuna yeyote katika ukoo aliyezikwa bila kichwa. Yaandikeni, pamoja na mahali na mwaka kama unajulikana. Familia ya Akida iliweza kuitikia kwa sababu kulikuwa na mtu bado analijua jina hilo.